Jina Lenye Y Mwishoni

Al Amerat, Maskati
4 Januari 2025

...na aliyesema hivyo, Bibi, kama nilivyokuwa nikikueleza kabla simu haijakatika, ni Bashayer, mke wa kaka yangu. Alisimama katikati ya ukumbi wa harusi, vyetezo vinafuka, wanawake wote wanasikia, akapaza sauti: "Ghadeer, Barudani ndiyo kabila gani tena? Si baridi hiyo? Jamani, mwenzetu kaolewa na friji!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikamjibu kutoka kwenye kiti changu cha bibi harusi: "Bora friji. Nyinyi wa oveni ndio mnaoungua."

Lakini sijakusalimu! Shikamoo Bibi Nadra. Vipi hali yako? Magoti yanakupa nafuu? Dawa za presha unazimeza au unazificha chini ya mto? Mume wangu Muatasim ndiye aliyekuchongea kwangu. Sisi wazima kabisa. Mimi ni mzima kupita kiasi. Leo nina miezi miwili na siku nne za ndoa na bado nikisikia gari yake inaingia, naacha sufuria motoni. Anatoka Rusayl kutengeneza viyoyozi vya viwanda, anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, na mimi namuona kama katoka saluni. Jana kaniletea ufunguo wa kabati uliopotea, kautengenezesha upya, kaufunga kwa utepe mwekundu. Bibi, ufunguo wa kabati! Nililia.

Sasa lile ulilonambia kwenye simu, kwamba mambo ya majina si ya simu, niandike. Ndiyo naandika. Shurooq, jirani yangu anayeuza mabaibui huko Unguja, atakuletea.

Nataka kumtengenezea Muatasim zawadi: fremu kubwa ya ukutani, iandikwe jina letu limetoka wapi na limefika wapi. Nasema letu ingawa kwenye kitambulisho mimi bado ni wa kwetu, maana moyoni nimeshahama. Nilimuuliza Ami Khattab, baba mkwe wangu. Kasema, "Muulize shangazi yangu Nadra, yeye ndiye aliyenilea, yeye ndiye kitabu." Na ndani ya bati la makaratasi alilotukabidhi wakati wa kuandikisha ndoa nimekuta kadi yake ya chanjo ya utotoni, ya Unguja, imeandikwa kwa herufi za Kizungu: Khattab B. Brodany. Si Barudani. Brodany, na y mwishoni. Ndivyo mlivyokuwa mkiliandika?

Nambie kila kitu, hata visa. Visa zaidi.

Mjukuu wako anayekupenda,
Ghadeer


Kikwajuni, Unguja
21 Januari 2025

Mjukuu wangu Ghadeer,

Marahaba. Mie mzima. Magoti ni yaleyale. Dawa nnameza.

Nimefurahi kusikia mnaelewana. Mwambie Muatasim ale vizuri.

Barudani ni kabila dogo, la bonde moja huko ndani Omani. Watu wake walikwisha zamani. Aliyebaki alikuwa Bakhit, naye alikufa Khattab akiwa na miaka mitatu. Bakhit alikuwa ndugu yangu wa kwa mama, ndiyo maana mie kabila langu jengine. Mama yake Khattab aliitwa Mazoon, naye alikufa. Khattab anayajua yote haya, nilimwambia tangu mdogo. Hakuna visa.

Kadi imekosewa. Makarani wa zamani waliandika ovyo. Ichane.

Fremu si lazima. Ukutani tia saa.

Bibi yako,
Nadra


Al Amerat
6 Februari 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na magoti nayo nayapa shikamoo zake. Humu ndani wote wazima. Saa nimetia, umenishinda. Lakini fremu nimeinunua vilevile, ya mbao, upana wa mikono miwili. Na kadi sikuichana. Usikasirike. Barua yako ilikuja nimeshaanza, na mimi nikianza jambo la mapenzi sijui kusimama.

Niliandika hilo Brodany kwenye mtandao mmoja ambao watu wa nchi zote huandikisha koo zao. Nilitegemea majina elfu. Bibi, wapo thelathini na saba tu! Ishirini na sita wako Belarusi, kijiji kimoja kando ya mto na mji ulio jirani. Sita Poland. Watatu Kanada. Wawili Kazakhstan. Basi, dunia nzima. Tukijiongeza sisi wa Maskati, kumi na mmoja, tunakuwa arubaini na wanane. Tunaweza kuenea kwenye mabasi mawili madogo na viti vikabaki! Muatasim nilimtania tu, "Mume wangu wewe ni adimu kuliko chui wa milima ya Dhofar." Hakujua ninachokisema, akaniuliza kama nimeunguza wali.

Nikaanza kuota. Labda zamani Muomani mmoja alikwenda huko kwenye theluji kuuza lubani, akampenda msichana mwenye misuko ya rangi ya asali, akabaki. Si ndiyo maana Muatasim ana macho yale?

Nikawaandikia. Alinijibu mtu mmoja tu, Alesi Brodany, mwalimu wa skuli. Tunatumia mashine ya kutafsiri, kwa hiyo mara nyengine ananiita "bibi arusi mheshimiwa wa jangwa." Kanieleza kwamba brod kwao ni pale mto unapokuwa na kina kifupi, watu wanapovuka kwa miguu. Brodany ni watu wa pale pa kuvukia. Kazi yao ilikuwa kuwashika mkono wageni na kuwavusha na mizigo yao. Lakini kuna mzee mwengine wa kwao anabisha, anasema linatokana na neno la kutangatanga, kwamba ni watu wasiotulia. Alesi kasema wamegombana juu ya hilo kwenye maziko mawili na harusi moja. Niliwapenda papo hapo.

Nikampelekea picha ya harusi yetu. Hakuuliza habari ya gauni langu, aliuliza, "Nani huyu wa kushoto aliyeweka mkono kifuani?" Nikamwambia ni Khattab, baba wa mume wangu.  Baada ya siku tatu akaleta habari hii, na hii ndiyo sababu ya barua yangu.

Kasema huyo mtu anafanana mno na babu yake Alesi. Kasema shangazi yake, Halina, alikwenda kufanya kazi Unguja zamani, kwenye maabara ya hospitali. Akasilimu, akaolewa, mume akafa. Alipata mtoto wa kiume, naye alikufa kwa homa ana miaka mitano, akazikwa hukohuko. Halina yupo hai. Ana miaka sabini na saba, anakaa kwa Alesi. Mtoto wake wanamwita Hatab, wanasema ni jina geni, hawajui maana yake.

Hatab! Bibi, nilikaa kitako sakafuni. Nimefikiri sana na nadhani nimelipata: Babu Bakhit alimuoa Halina kwanza, wakazaa Khattab wa kwanza, akafariki. Kisha akamuoa Bi Mazoon, na Ami alipozaliwa wakampa jina la marehemu kaka yake. Kuna kitu kidogo hakikai sawa kwenye miaka, lakini wewe utanipangia. Maskini mtoto yule! Ami hajui kama alikuwa na kaka.

Ijumaa ya wiki ijayo wote wanakuja kwangu kula. Baada ya chakula nitaifunua fremu na kuisoma habari yote, kisha tumuombee dua mtoto. Nimeshachagua na kitambaa cha kuifunikia. Shurooq anarudi Jumatano, nipe majibu yako kwake. Kaburi lake liko wapi?

Mjukuu wako mwenye furaha,
Ghadeer


Kikwajuni
11 Februari 2025

Ghadeer,

Usisome kitu Ijumaa. Salamu ntaziandika mwisho.

Hakuna kaka. Mazoon hakuwapo duniani. Nilimtunga mie, na jina nilimpa mie. Mtoto wa Halina ni mmoja, naye ni huyo baba mkwe wako.

Bakhit alikuwa ndugu yangu wa baba mmoja na mama mmoja. Alipokufa, Halina alibaki mwaka mmoja hapa, kisha kazi yake ikesha, serikali yao ikamwita. Mtoto hakuwa na karatasi za kutokea. Aliniachia. Alisema mwaka mmoja. Mie nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, sijaolewa. Mtoto alilala kwapani mwangu. Akiamka kwanza ananishika pua ajue kama mie ndiye.

Mama yake aliandika. Nilimjibu, nikamwambia mtoto hajambo. Mara ya tatu aliandika kwamba kapata ruhusa, anakuja mwezi wa saba kumchukua. Nilikaa na barua ile siku nne. Siku ya tano nikachukua karatasi, nikaandika kwa Kiingereza changu cha skuli sentensi tatu. Mtoto kashikwa na homa. Mtoto kafa. Mtoto kazikwa karibu na babake.

Khattab alikuwa hapo mlangoni, anacheza na kifuniko cha sufuria.

Halina alijibu mara moja. Alinishukuru kwa kumuuguza.

Kisha nikamchukua Khattab nikaja naye Maskati. Watu wetu walikuwa wanarudi, na mie nikarudi nao. Karatasi yake ilikuwa ni kadi hiyo ya chanjo tu, mamake aliiandika mwenyewe kwa jina la ukoo wa kwao. Karani wa kuandikisha watu alikuwa mtu wetu, kazaliwa Ng'ambo ya Unguja, anasema Kiswahili kama mie. Akaitazama kadi, akacheka. Sisi wa Unguja majina yetu Mwingereza aliyaandika hivyohivyo, na y mwishoni. Akasema, "Waliyaharibu majina yetu hawa. Brodany ndiyo nini? Hii Barudani." Akalinyosha, akalitia Al mbele. Alidhani ananifanyia hisani. Akaniuliza, "Siyo, dada?" Nikamwambia ndiyo.

Ningeweza kusema la, na kumtajia kabila letu. Sikusema. Nilifikiri akiwa na kabila letu, yeyote atakayemtafuta mtoto wa Bakhit atampata. Jina lisilo na watu nani atalitafuta? Kumbe jina lenye watu wengi ndilo linalomficha mtu. Hili wewe umelipata kwa usiku mmoja.

Basi nilimwambia mtoto mamake kafa, na mama nilimwambia mtoto kafa. Nimewazika wote wawili, kila mmoja kwa mwenziwe.

Utauliza nnahisi nini. Ukitiwa sindano ya ganzi kung'olewa jino, unamuona daktari anavuta, unasikia mfupa unalia, na hakuna maumivu. Miaka arubaini na saba ni hivyo. Khattab alipofaulu masomo, hivyo. Alipooa, hivyo. Nilirudi Unguja watu wakidhani napenda kwetu. Nilikuwa nimechoka kutazamwa na uso wa Halina mezani.

Usimwambie mtu. Halina kesha zoea, na Khattab kesha zoea.

Sasa salamu. Marahaba. Mie mzima. Magoti yaleyale.

Nadra


Al Amerat
9 Machi 2025, mwezi tisa Ramadhani

Bibi,

Shikamoo. Ramadhani njema. Sisi wazima. Natumai nawe mzima.

Samahani kwa kuchelewa. Siku nyingi nilikuwa nachukua kalamu, naitazama, naiweka.

Ijumaa ile walikuja. Walikula, waliusifu wali, wakaondoka. Fremu ipo chini ya kitanda na kitambaa chake. Bashayer aliniuliza, "Vipi, friji imeanza kufanya kazi? Mbona umeganda?" Nikamwongezea wali tu. Zamani ningemrudishia lake.

Bibi, mimi nilikuwa na furaha mpaka nikijionea haya. Sasa Muatasim akirudi, gari naisikia na sufuria naendelea kuikoroga. Nampenda vilevile. Najua nampenda, kama mtu anavyojua jina lake. Lakini nikimtazama namuona ana macho ya mtu aliye hai huko mbali anayedhani hana mjukuu, na mimi ndiye ninayejua na yeye hajui. Wiki ya mwisho kabla ya Ramadhani alinibusu mkono akaniuliza, "Nimekukosea nini?" Nikamwambia jino linaniuma. Asubuhi yake akaomba ruhusa kazini anipeleke kwa daktari wa meno. Nikafungua mdomo, daktari akatazama meno mazima.

Alesi kaandika. Alimuonesha Halina ile picha. Kasema aliishika tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hakulia. Kisha akasema, "Huyu anasimama kama Bakhit." Akauliza jambo moja tu: bado anaogopa mkasi? Alikuwa akikatwa nywele anapiga mayowe, nyumba nzima inakimbia.

Ami Khattab haendi kwa kinyozi, Bibi. Hunyoa kichwa mwenyewe kwa mashine, mbele ya kioo. Siku zote nilidhani ni uchumi tu.

Alesi ananiuliza: ni yeye? Sijamjibu. Ni siku kumi na mbili sasa.

Lakini hayo yote ningeyabeba. Lisilobebeka ni hili. Kila jioni tunafuturu kwa Ami, mtaa wa pili. Kabla ya kuondoka kwenye mkeka huinua mikono kuwaombea wazee wake. "Mola wangu, mtilie nuru kaburini baba yangu Bakhit. Mtilie nuru kaburini mama yangu Mazoon, ambaye sikujaaliwa kuuona uso wake." Wote huitikia amina. Wewe unajua anavyoiomba, umemfundisha wewe. Anafumba macho kama mtoto.

Siku ya kwanza amina haikutoka. Nilidhani ni tende imenikwama. Siku ya pili haikutoka. Siku ya saba Ami akafumbua macho, akanitazama, akacheka: "Ghadeer, mbona wewe huitikii? Wazee wangu wamekukosea nini?"

Wote wakacheka. Hata Bi Muhsina, mama mkwe wangu, alicheka mpaka akatokwa na machozi, akasema, "Muacheni, njaa imempiga." Muatasim hakucheka. Tukirudi kwa miguu hakunishika mkono. Tulipofika mlangoni kasema, "Kuna kitu kuhusu baba yangu unakijua. Sitakulazimisha. Lakini usikae mkeka mmoja naye hivyo."

Tangu siku ile nafuturu peke yangu nyumbani. Nimewaambia ninaumwa. Muatasim anakwenda kwao, anarudi, analala sebuleni.

Umesema wote wawili wameshazoea. Labda Halina kazoea. Ami hakuzoea, Bibi. Mtu aliyezoea haombi hivyo.

Sikutishi. Sina hata nguvu za kutisha. Nakwambia tu jinsi ilivyo: siku ya Idi atakuja kunipa mkono, na mimi sitaweza tena kumdanganya kwa uso. Nikimwambia mimi, atakuwa kaambiwa na mke wa mwanawe, mtoto wa juzi. Ukimwambia wewe, atakuwa kaambiwa na aliyemlea. Yeye ana miaka hamsini na mitatu. Mama yake ana sabini na saba. Chagua wewe.

Mjukuu wako,
Ghadeer


Kikwajuni
16 Machi 2025

Mjukuu wangu Ghadeer,

Marahaba, na Ramadhani njema. Mie mzima. Nimefunga zote mpaka leo. Barua yako imenifika juzi, Shurooq aliileta mwenyewe mpaka kitandani.

Nimeisoma mara moja. Mara ya pili sikuweza kupita pale pa mkasi. Ni kweli, alikuwa akipiga mayowe. Mamake alikuwa akimkata akilala, unywele mmoja mmoja, kwa mkasi wa kucha. Na mie nikafanya hivyo baada yake, mpaka alipokuwa mkubwa. Nilikuwa nimesahau kwamba nimejifunza kwake.

Kwanza, mjibu Alesi leo. Usingoje ruhusa ya mtu mwengine. Andika: yupo hai, ana mke na watoto wanne, na mkasi bado. Niliandika sentensi tatu kumuua. Kumfufua zisizidi hizo. Kwamba ni mie niliyedanganya, liandike pia, jina langu kamili. Asije akadhani ni makosa ya posta.

Pili, mumeo. Mwambie Bibi yako anakuja, ana neno na babake, na wewe ulilikuta njiani hukulitengeneza. Asilale tena sebuleni. Mie nimeshaharibu nyumba moja, sitaki ya pili.

Tatu, usihesabu kwamba atanisamehe. Mie sihesabu. Akitaka kunirudisha kwenye ndege ileile, ntarudi. Akitaka kubadilisha jina arudi kwenye kabila la Bakhit, mashahidi wawili wanaoijua asili yake wamebaki hai hapa Unguja, nimeshakwenda kwao nikawaambia. Wamenitazama kama mtu aliyekufa anapoingia sebuleni. Akitaka kulibakisha la mamake, alibakishe, lakini alijue.

Barua za Halina nilizichoma, isipokuwa ile ya kunishukuru. Ile sikuweza. Naja nayo. Hiyo fremu yako iache chini ya kitanda mpaka mwenyewe aulize.

Jana nilikata tiketi. Msichana wa dirishani kaniuliza, "Bibi, ya kwenda na kurudi?" Nikamwambia ya kwenda tu. Akanitakia safari njema.

Ntafika tarehe 25 Machi, saa kumi za alasiri, kabla mwezi haujesha, inshallah. Muatasim asije uwanjani, wala wewe, wala Muhsina. Aje Khattab peke yake.

Bibi yako,
Nadra